Debe la Alhamisi

Ko, ko, ko. Mara tatu, kwa kifundo cha kidole cha kati, kwenye kitako cha debe tupu. Ndiyo sauti inayonijia nikikumbuka mwaka ule, kabla ya sura ya mtu yeyote, kabla ya nyumba yenyewe. Debe likiwa bado na unyevu lilijibu zito, kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamtosha. Likiwa limekauka na kutakata lilijibu juu, wazi, mpaka kuku wa jirani wanainua shingo. Bi Rukia angeinama mkono mmoja kiunoni, sikio karibu na bati, atulie, kisha aseme, "Hili limepona," au, "Hili bado linaumwa, lirudishe juani." Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilidhani ni mzaha wa wazee wa Majengo. Kila mtu husafisha debe la taka kwa macho na kwa pua. Yeye alisafisha kwa sikio. Ilinichukua wiki tatu kuelewa kwa nini, na nikishaelewa sikuweza tena kucheka.

Mwezi uliopita Salma, binti yake, alinipigia simu nikiwa jikoni shuleni, huku upande wa Gachoka ninakopika siku hizi. Maharagwe yalikuwa yanachemka na moshi umejaa macho, kwa hivyo niliposema "Haloo" sauti yangu tayari ilikuwa ya mtu anayelia. "Kagendo," akasema, "Mama ametutoka. Usiku, kitandani mwake, Majengo." Alilisema hilo la kitanda polepole, na nilijua kwa nini analisema. Nilimwachia mwenzangu mwiko. Lakini hadi nilipofika Meru walikuwa wameshamzika, maana wenzetu Waislamu hawamcheleweshi mtu wao. Nilikaa siku tatu za matanga, nikimenya vitunguu na akina mama wengine, na kila nilipoinama kwenye karai nilikuwa narudi nyuma, miaka kumi na mmoja, kwenye ule mwaka mmoja tu niliokaa katika nyumba ile kama msichana wa kazi.

Nyumba ilikuwa ya mabati, imepakwa chokaa, vyumba vitatu vya mbele vyake yeye na vinne nyuma vya wapangaji, na katikati ua wa saruji wenye bomba moja la maji. Marehemu mumewe alikuwa na bucha sokoni. Bi Rukia aliniambia kwamba alipoletwa hapo bibi harusi, wanawake wenzake walimtania kuwa hata kanga zake za sanduku zitanuka damu ya mbuzi kabla mwezi haujaisha. "Nikaapa," akasema. "Nikasema, nitaolewa na bucha lakini bucha haitanioa mimi." Tangu siku hiyo nyumba ile ilikuwa na sheria: Alhamisi mchana, ili Ijumaa ikute pasafi, madebe yote ya taka, ya jikoni, ya bafuni, hadi ya wapangaji, yalitolewa uani, yakamwagwa, yakasuguliwa, yakapangwa kando ya ukuta midomo ikitazama jua. Wapangaji wengi walikuwa Wakristo, watu wa Tigania na Igembe, lakini Alhamisi ya madebe waliishika kuliko Jumapili. Ukipita njia ya nyuma siku hiyo unaona madebe yamepiga mstari kama watoto wa shule wanaongoja sindano.

Na hakuna sabuni ya duka iliyotumika. Kuna chungu cha jivu la kuni za mkaratusi, limechekechwa laini kama unga wa uji. Kuna gunzi la mahindi la kusugulia. Kuna chupa ya siki aliyoivundika mwenyewe kwa maganda ya nanasi, na malimau ya mti wa pale uani, mti mbishi uliozaa hata ukiugombeza. Jivu linakwenda kwanza, na maji kidogo, likale mafuta, unasuuza, ndipo siki au limau linapita kuua harufu. Siku yangu ya kwanza nikajiona mwerevu, nikachanganya jivu na limau kwenye ndoo moja nimalize haraka. Pakatoka povu kidogo, pshhh, halafu basi, debe likabaki na utelezi wake. Bi Rukia alicheka hadi akashika mti. "Hao wawili ni wake wenza, mwanangu. Ukiwaweka chumba kimoja wanamaliza nguvu kwa kugombana wao kwa wao, na uchafu unakaa pembeni unawatazama." Mwisho kabisa, debe likikauka, unatandika jivu kavu chini, gazeti juu yake, na kipande cha mkaa kimefungwa kwenye kitambaa. Jivu hilo la kutandika lazima liwe limelala. Alilisema hivyo: limelala. Siku mbili ndani ya chungu, limefunikwa, ndipo liguswe. Nilidhani hilo nalo ni mzaha.

Jumatatu ya wiki ya pili nilirudi asubuhi kutoka kwetu Kianjai, ambako nilikuwa nimekwenda kanisani na kulala. Nilisukuma mlango wa jikoni na harufu ikanishika koo. Matumbo. Wiki iliyopita nilikuwa nimeosha matumbo ya mbuzi, na yale mabaki niliyafunga kwenye gazeti nikayatia deboni nikasahau kumwaga kabla sijaondoka. Siku tatu, na joto la jiko! Inzi walikuwa wanaimba. Na hapo hapo, hatua moja kutoka kwenye debe, Bi Rukia amekaa kwenye kigoda chake, anakunywa chai ya tangawizi, anachovya mandazi, uso umetulia kama mtu aliyekaa bustanini. Nikasema moyoni, ananijaribu. Anangoja aone nitafanya nini. Nikalinyakua debe nikakimbia nalo mlangoni.

"Unalipeleka wapi? Leo si Alhamisi."

"Nalimwaga tu, Nyanya."

"Linanuka?"

Sasa, mimi nimelelewa kwamba mtu mzima humwambii nyumba yake inanuka. Hata ukipewa uji wenye nywele unaushukuru. Nikasema, "Hapana, Nyanya. Liko sawa kabisa." Akatikisa kichwa taratibu, akarudi kwenye mandazi yake.

Nilimdanganya hivyo mara nyingine tatu au nne. Si kwa ubaya. Aliniuliza juu ya maziwa, nikasema yako sawa huku nikiyamwaga. Aliniuliza juu ya zulia la sebuleni, ambalo paka wa mpangaji alikuwa amelifanyia mambo yake, nikasema linanuka vizuri. Nilijiona mtoto mwenye adabu. Kisha ikaja ile asubuhi, tuko wawili jikoni tunachambua nyeni, mboga za majani za mchana, dirisha liko wazi, na Mama Kendi wa chumba cha pili yuko kwenye bomba na mwenzake mmoja. Maji yakizibuka ukiwa hapo bombani unadhani kelele zake zinakuficha. Hazikufichi.

"Wewe, umeingia kwa Nyanya siku hizi?" Mama Kendi anauliza. "Juzi nilipeleka kodi, haki nilishika pumzi kama mtu anavuka mto."

"Usiniambie! Yule Rukia wa usafi?"

"Yeye huyo. Anatusumbua na madebe kila Alhamisi na kwake kunanuka choo cha paka. Si nilijifanya napiga chafya ndio nifunike pua!"

"Ni uzee huo, wacha. Utasikia Salma amekuja kumchukua."

Walicheka, si kwa ukatili, kwa vile tu watu hucheka bombani asubuhi. Mikono ya Bi Rukia ilisimama juu ya majani. Alingoja hadi ndoo zikaondoka. Kisha akanigeukia, sauti ndogo sana, "Kagendo. Sebuleni kunanuka?"

"Ndiyo, Nyanya."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita."

"Na debe lile la Jumatatu?"

Nikainamisha kichwa. Akachukua karafuu kutoka kwenye kopo la viungo, akazisaga kiganjani kwa kidole gumba, akaziweka chini ya pua na kuvuta hewa kwa nguvu, kifua kikipanda. Akashusha mkono. "Hakuna kitu," akasema. "Ni kama navuta hewa ya dirishani. Ile homa iliyonilaza mwaka jana iliondoka na pua yangu. Nilidhani itarudi." Nilitaka kumwambia pole, lakini alikuwa ameinua kidole. "Salma akijua atanipeleka kwake Embu. Ni mtoto mwema, ndiyo shida. Sasa nisikilize. Mimi macho ninayo, masikio ninayo. Pua nimekuajiri wewe, hata kama hukuambiwa. Ukinidanganya wewe kwa adabu yako, nani ataniambia? Nitakaa hapa nimevaa vizuri, nimejipaka hina, ninanuka, watu wanapiga chafya." Nilimwona anavyojaribu kutabasamu na midomo inakataa. Nimesomeshwa hadi kidato cha nne, na sikumbuki mwalimu aliyenifundisha kitu kikubwa kuliko hicho alichonifundisha juu ya sinia la nyeni.

Basi nikawa pua. Mwanzoni nilikuwa naona haya, nasema "kunanuka kidogo" na yeye anauliza "kidogo kama nini?" na mimi sina maneno. Lakini wakati huo nilikuwa na ndoto kubwa, nilitaka kuwa mtangazaji wa redio. Nilikuwa natangaza nikifua, natangaza nikipiga deki, natangaza hadi usingizini. Alhamisi moja nikashika gunzi kama kipaza sauti, nikaingiza kichwa deboni, sauti ikarudi nene: "Karibu msikilizaji, hapa ni Redio Debe, moja kwa moja kutoka Majengo. Hali ya hewa: asubuhi tumekuwa na vipindi vya maganda ya ovakado. Mchana mawingu ya samaki yanatarajiwa kutoka upande wa Mama Kendi. Wasafiri wa debe la chumba cha nne wanashauriwa kubeba leso, maana kuna majani ya ndizi ya kufungia miraa yaliyolala tangu Jumapili." Bi Rukia alikaa chini. Alicheka machozi yakatoka, akafuta kwa ncha ya mtandio, akasema, "Rudia hapo kwa samaki." Kuanzia siku hiyo hakukosa taarifa ya habari. Na nilijifunza kusema kweli kwa maneno yanayotosha: harufu tamu ya nanasi linaloanza kuharibika, harufu ya kutu ya damu, ile ya gazeti lililolowa maziwa ambayo ni kama mtoto mchanga aliyesahaulika. Nilimwambia kuhusu vitu vizuri pia, maana niliona anavitaka kuliko vile vibaya. Mvua ya kwanza kwenye vumbi. Kitunguu kikianza kugeuka rangi. Limau likipita kwenye bati la moto la saa saba. "Hilo likoje?" aliuliza. Nikafikiri sana. "Ni kama mtu amefungua dirisha ndani ya debe, Nyanya." Alilipenda hilo. Nilimsikia jioni akilirudia peke yake.

Salma alikuja Alhamisi moja, katikati ya mwaka. Miezi miwili kabla alikuwa amemletea mama yake pipa jipya la plastiki, jeupe, lile la kukanyaga kwa mguu kifuniko kifunguke, na Bi Rukia alilichukia kimoyomoyo kwa sababu plastiki haina sauti. "Nikiligonga linanijibu kama mtu aliyejaza ugali mdomoni," alilalamika. Lakini siku hiyo tulitaka Salma alikute linang'aa. Nilisugua kila kitu tangu alfajiri. Nilimaliza jivu la chungu lote. Ikabaki kutandika pipa jeupe na jivu lililolala hakuna. Nikatazama jiko la asubuhi: jivu jeupe, limetulia, nikaligusa juu kwa kidole, baridi. Nikasema, hili nalo limelala. Nikachota, nikatandika chini, gazeti juu, kifuniko, safi. Nikatoka kuchuma malimau ya mwisho upande wa pili wa nyumba. Bi Rukia alikuwa jikoni anapepeta mchele, mgongo ameupa pipa.

Nilikuwa juu ya kiti nanyoosha mkono nikasikia sauti ya Salma ndani. "Mama! Kuna kitu kinaungua!" Nikaruka chini. Nilipofika mlangoni Salma alikuwa amesimama katikati ya jiko, mkoba bado begani, anageuka huku na huku, na hewa yote ilikuwa plastiki iliyoungua, chungu, ya kukata macho. Bi Rukia alikuwa na ungo mapajani. Nilimwona usoni anatafuta jibu haraka. "Ni jirani," akasema. "Wanachoma taka zao." Salma akakanyaga pipa. Moshi ukapanda mweusi mwembamba hadi darini. Akalibeba hadi uani, akalimwagia maji, likalia shiii, na kitako chake kilikuwa na tundu la ukubwa wa andazi.

Alirudi amelowa mikono. Hakupiga kelele. Alimtazama mama yake muda mrefu, kisha akaenda kwenye rafu, akachukua ile chupa ya siki ya nanasi, siki ambayo ukiifungua hata paka anatoka nje. "Mama, fumba macho." Bi Rukia akafumba. Salma akafungua chupa akaiweka chini ya pua yake. "Hii ni nini?"

Bi Rukia akavuta hewa. Akatabasamu kama anayetambua. "Manukato yako," akasema. "Yale ya waridi."

Salma akafunika chupa polepole. Alipofungua macho na kuiona, Bi Rukia aliinamia ungo wake. Aliokota chuya moja kwenye mchele akaitupa.

"Dada Salma," nikasema, malimau bado yako kwenye sketi, "jivu ni langu. Halikuwa limelala. Nyanya hana kosa."

"Na hili la pua ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza!"

"Mimi nilimnyamazisha," Bi Rukia akasema. "Na usiseme sina pua. Ninayo. Ndiyo hiyo imesimama mlangoni na malimau."

"Pua yenyewe ndiyo imechoma pipa, Mama!"

Bi Rukia akaanza kucheka, kale kacheko chake ka kushika kitu, na Salma akataka kukasirika zaidi akashindwa, akaketi chini kwenye saruji na nguo zake za safari na kulia. Alisema Jumamosi atamfungia mizigo. Alisema gesi itakuja kuvuja na hatajua. Alisema halali vizuri huko Embu. Yote yalikuwa kweli. Bi Rukia alimwacha amalize. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo: "Kwako ni kuzuri, mwanangu. Lakini kwako nitakuwa mgeni. Nitanuka bila kujua, na wajukuu zangu wataona haya kuniambia, mumeo ataona haya, na wewe utaona haya zaidi ya wote. Mtafungua madirisha tu, kimya kimya. Hapa najua kila kitu kilipo. Na hapa kuna mtu asiyenionea haya."

Salma akanigeukia, macho mekundu. "Wewe unamwambia?"

"Namwambia."

"Hata kama ni vibaya?"

"Hata kama ni yeye mwenyewe."

"Wiki iliyopita," Bi Rukia akaingilia, na kulikuwa na majivuno fulani, "aliniambia kanga yangu inanuka moshi na samaki kama mchuuzi wa stendi. Kungekuwa na wageni angeninong'oneza. Lakini angeniambia."

Hivyo ndivyo alivyobaki. Mtungi wa gesi uliondoka siku hiyo hiyo na gari la Salma, na jiko la makaa likahamia uani kabisa. Kila Ijumaa baada ya swala Salma alinipigia, na sharti lilikuwa moja, nimwambie nyumba inanukaje bila kupamba. Ijumaa ya kwanza tu kulikuwa na shida, mtaro wa nyuma ulikuwa umeziba na uani kulikuwa kunanuka kama ziwa la supu iliyochacha. Nilishika simu. Nikisema kweli, huenda akaja na masanduku. Bi Rukia alikuwa ananitazama kutoka kwenye kigoda, hakunikonyeza, hakunisihi, alinitazama tu. Nikasema kweli yote, hadi ya supu. Salma akashusha pumzi. "Sawa. Nitatuma fundi wa mtaro. Asante, Kagendo." Nilipokata simu Bi Rukia akarudi kwenye mchele wake. "Ziwa la supu," akasema. "Hilo hukuniambia mimi. Mimi uliniambia mtaro tu. Na mimi nataka ziwa."

Niliondoka mwaka ulipoisha, nilipopata kazi ya jikoni shuleni. Redio sijaingia hadi leo, ingawa bado natangaza nikisonga ugali wa watoto mia tatu, na wao wanadhani mpishi wao ana wazimu mdogo. Siku ya kuagana Bi Rukia hakunipa kanga wala hela. Alinipa kopo la maziwa ya unga lililojaa jivu, limefungwa kwa mpira. "Limelala wiki nzima," akasema. "Usije ukamchomea mtu mwingine nyumba." Baada yangu walikuja wasichana wengine, na alikuwa akinipigia kulalamika. "Huyu wa sasa ana adabu mno, kila kitu kwake ni kizuri. Debe zuri, choo kizuri. Nimemwambia akajifunze matusi kwanza ndipo arudi." Lakini alikuwa akiwafundisha mmoja mmoja, kama alivyonifundisha mimi, na hakuna aliyemwondoa katika nyumba yake.

Siku ya tatu ya matanga, baada ya pilau, wote waliingia sebuleni kwa dua. Mimi nilibaki uani. Ilikuwa Alhamisi, na sidhani kuna mtu mwingine aliyekuwa amekumbuka. Debe la jikoni lilikuwa pale pale pembeni ya mti wa limau, la bati, kuukuu, limejaa maganda ya vitunguu vya siku tatu. Nikalimwaga. Jivu la jiko sikuligusa; nilikuta chungu nyuma ya mlango, nikafunua, kilikuwa na jivu baridi laini, la wiki iliyopita, alilolaza mwenyewe. Nikasugua na gunzi. Nikasuuza. Nikakamua malimau mawili, nikazungusha, nikasuuza tena, nikaliweka juani mdomo ukitazama juu ya ukuta, na nikakaa kwenye kigoda chake nikingoja huku sauti za dua zikija na kwenda mlangoni. Lilipokauka nikaligonga mara tatu. Ko, ko, ko. Lilijibu wazi, na kuku wa jirani akainua shingo. Nilitaka kusema limepona. Ningeweza, hapakuwa na mtu. Lakini niliinama nikaingiza kichwa chote ndani ya lile giza la bati lenye joto, nikavuta hewa taratibu mpaka mwisho, na sauti yangu ikanirudia nene niliposema, "Bado kuna kitunguu, Nyanya."

Nikachukua gunzi, nikaanza upya.